Vitufe vya Beno

Jumanne, Ruangwa

Kumbe Sesilia anavijua vyote. Mimi mke wa Beno sijui hata kimoja.

Leo asubuhi nimekaa kwenye kompyuta ya marehemu mume wangu pale steshenari kwetu, nichape tangazo la misa ya arobaini yake. Nikashikilia kitufe cha herufi kubwa ili nianze na "Wapendwa". Nilipogusa W, ukurasa wote ukafungwa.

Sesilia, binti kutoka kijiji cha Malolo aliyeajiriwa na Beno, akacheka kidogo. "Mama, hicho sasa ni Ctrl, ukikibonyeza na W kinafunga ukurasa. Baba alikihamishia hapo kwa sababu ya kidole."

Kidole cha mwisho cha kushoto kilikatwa na panga akipalilia mikorosho. Kidonda nilikisafisha mimi kila jioni, naye akisimulia mambo ya dukani. Habari ya vitufe hakunigusia.

"Virudishe kama vilivyokuwa," nikasema.

"Nikirudisha, mama, mipangilio yake yote inafutika."

"Ifutike."

Akashika mausi, lakini hakubonyeza. Nikaona machozi yanamdondokea kwenye kibodi. Hapo wivu ukanipanda zaidi kuliko ule wa vitufe. Nilidhani wa kumlilia Beno mle dukani ni mimi tu.

Nikamwambia aache kama vilivyo, anichapie tangazo.

Amelichapa vizuri, haraka kama alivyofundishwa. Jina la Beno amelikoleza wino bila kuniuliza. Ndivyo ambavyo ningetaka, na hilo nalo limeniuma.