Bahasha Tupu ya Mjomba

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimekaa kwenye ngazi za zahanati, pale ulipozoea kunisubiri na hindi la kuchoma. Sijalia bado. Mkeo, Mama Zaina, ananitazama kama anayesubiri sufuria ichemke. Nami nasubiri, lakini hakuna kitu.

Unakumbuka fomu zangu? Ni miaka hii ya ruksa ya biashara, maduka ya dawa ya watu binafsi yanafunguliwa Morogoro mjini kila kona, nami nasoma shahada ya pili ya famakolojia na kusimamia majaribio ya dawa mpya ya malaria huku kwetu mlimani. Fomu ya ridhaa ilitaka saini ya baba kwa kila mgonjwa mdogo. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Mwanangu, umesoma mpaka umesahau kwenu? Mtoto wa Kiluguru husemewa na mjomba wake."

Ukaita ukoo, ukaweka dole gumba la kwanza, wajomba wengine wakafuata. Bila wewe nisingepata hata mgonjwa mmoja.

Siku hiyohiyo nilisimama mbele ya watu nikajifanya mwalimu. Nilieleza kwamba bahasha zina namba tu, hata mimi sijui ipi ina dawa mpya na ipi ya zamani. Vidonge vya siku ya kwanza mtameza hapa zahanati, vya siku mbili zinazofuata mtameza nyumbani. Kisha nikasema nataka bahasha irudi tupu, ikirudi na kidonge ndani masomo yangu yameharibika. Ukawageukia watu, ukawaambia wasimwaibishe mtoto wao.

Basi zikarudi tupu, zote. Nilifurahi, mjinga mimi.

Nawe ukaugua, ukapewa namba kumi na saba. Bahasha uliirudisha mwenyewe, umeikunja vizuri. "Haya mwanangu, tupu hiyo." Nikaandika: alimaliza dawa. Nikateremka Dar na sampuli zangu za damu. Wiki ya tatu homa ikakurudia. Walikubeba kwa machela mpaka barabarani, lori la ndizi likakufikisha mjini, ukafia hospitali. Niliporudi nilikuta umeshazikwa. Nikachukua fomu yako nikaandika: amefariki. Niliandika kama naandika uzito wa mgonjwa, mjomba, na hilo linanitisha kuliko kifo chenyewe.

Kwenye arobaini yako ndipo Mama Zaina aliponiambia. Vidonge vya nyumbani ulimpa jirani yetu, Bi Tausi, aliyefika na homa kali wakati orodha yangu imeshajaa. Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimuuliza Mama Zaina kwa nini hukunieleza. Akashangaa.

"Angekueleza nini? Dawa ya homa hapa lini imeliwa na mtu mmoja? Wewe ulitaka bahasha."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Karibu wote waligawana, huyu na dada yake, yule na mama mkwe. Hakuna aliyenidanganya. Walinipa nilichoagiza.

Msimamizi wangu chuoni anasema funika kombe mwanaharamu apite, niwasilishe, nivae joho. Lakini kama bahasha yako ilikuwa na dawa mpya, karatasi zangu zinasema ilishindwa kukuponya, na wakubwa wataisoma hivyo, wataitupa, kumbe haikukaa tumboni mwako zaidi ya siku moja. Nikisema kweli, miaka yangu miwili imekwenda na maji. Nimepima pande zote mbili na sikusikia uchungu popote. Nimechoka tu.

Asubuhi hii nimefungua fomu namba kumi na saba. Nimekata neno "alimaliza", nimeandika "aligawa". Halafu nimeshika ya kumi na nane. Kesho narudi chuoni nazo zote, watakalosema na waseme.

Bi Tausi amepita sasa hivi na tenga la ndizi kichwani. Mzima kabisa. Ameniuliza masomo yanaendeleaje, nimemjibu yanaendelea. Nilitaka kumwandika mahali, nikapekua faili zima. Hana fomu, mjomba. Mtu uliyemponya hayumo kwenye utafiti wangu.

Pumzika. Bahasha yako sikuirudisha chuoni, ninayo.

Mpwa wako,
mtoto wa dada yako, uliyemwekea dole la kwanza.