Kula ya Ijumaa

Jumatatu, 1 Machi 1965

Boila imegoma tena. Kuni mbichi. Jua limetoka tukiwa bado tunaipuliza, na Nyapara Shitanda anapiga kelele kana kwamba kelele huchemsha maji. Mimi sikujali. Misumeno yangu ilikuwa tayari tangu Alhamisi. Anayetaka kuona meno ya msumeno yaliyonolewa yakanoleka, aje kibandani kwangu.

Mpango wetu wote chanzo chake ni hii boila. Kuiwasha kila kukicha ni kupoteza asubuhi na kuni. Bwana Saidi, meneja aliyeshika kiwanda hiki cha mbao hapa Kakamega tangu Mzungu afunge virago, akaona heri tufanye kazi siku nne ndefu badala ya sita. Jumatatu hadi Alhamisi, giza hadi giza. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili boila imelala na sisi tuko huru. Ni majaribio mpaka mwisho wa mwezi huu.

Mgongo unauma. Siku nne zinabana. Lakini nazipenda.

Alhamisi, 4 Machi

Naandika haraka. Lori la mbao la kwenda Turbo linapakiwa na nimeshaweka mzigo wangu juu.

Kila mtu na njia yake. Mzee Ingosi, anayelisha boila, anakimbilia Malinya kwa fahali wake wa mapigano. Yule mnyama anakula vizuri kuliko mwenye. Wafula wa kupanga mbao anakwenda Navakholo kwenye migomba yake. Vijana wa magogo wanakwenda kuchimba dhahabu. Mpaka leo sijaona dhahabu, nimeona matope tu. Nyapara anabaki kambini. Sijui hufanya nini huko. Hufagia, nadhani. Mbele ya nyumba yake hakuna hata jani.

Jumapili, 7 Machi. Mautuma

Shamba langu. Nimeandika tena kwa raha: shamba langu. Mwaka jana lilikuwa malisho ya ng'ombe wa Mzungu, kabla serikali haijatugawia. Leo nimeng'oa kisiki kilichonitoa jasho tangu Ijumaa na nikakikalia kama kiti.

Mke wangu Rispa anakaa huku na watoto. Yeye ndiye anayelilinda. Mimi naja na siku zangu tatu na mikono yangu. Bila hizo siku tatu hakuna shamba. Afisa wa makazi amewaambia wote: kiwanja kitakachokutwa pori mvua zikianza, anapewa mwingine. Jirani wa ng'ambo ya kijito hakungojwa hata mvua, ameshaondolewa. Nyumba yake imebaki na mlango wazi.

Sisi hatuondolewi. Ninajijua.

Jumatano, 10 Machi

Shitanda amemwambia meneja kwamba Jumatatu watu huja wamelewa. Uongo. Ni mmoja tu, na huyo hulewa hata Jumatano.

Simpendi leo. Amesimama nyuma yangu nikinoa, mikono nyuma, akisema siku sita ndiyo kazi ya wanaume. Nikaendelea kunoa. Jiwe langu lina sauti mbaya nikitaka.

Jumatatu, 15 Machi

Bwana Saidi ametukusanya mbele ya boila. Majaribio yanakwisha. Wazee wanalalamika siku ni ndefu, wengine wanalalamika Ijumaa hawana la kufanya. Kwa hiyo tutapiga kura. Ijumaa tarehe ishirini na sita, saa nne, hapa hapa. Siku ya kazi hawezi kuisimamisha boila. Tena, amesema, anayeipenda Ijumaa yake atakuja kuitetea.

Wasiojua kusoma wasiogope, maana hakuna karatasi. Kila mmoja atapewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Anayetaka siku nne atie hindi kwenye debe. Anayetaka siku sita atie haragwe. Ni siri. Debe litafunikwa kwa gunia.

Akili nzuri. Kiswahili chake pia kizuri, cha pwani, kimenyooka. Nusu ya watu hawakusikia lolote. Boila ilikuwa inapumua na wao walikuwa wamesimama nyuma.

Jumanne, 16 Machi

Nimekaa na kuhesabu marafiki wa siku nne. Hofu imeniingia. Wote wanaozipenda hizi siku ndio ambao Ijumaa hawako. Watakuwa Malinya, Navakholo, mashimoni. Watakaokuwepo ni wale wa kambini, watu wa Shitanda. Tutashindwa kwa sababu tunaifurahia Ijumaa. Upuuzi ulioje!

Nimemwambia Ingosi aje. Akasema fahali ana pigano Jumamosi, Ijumaa ni ya kumwandaa. Nimemwambia Wafula. Akasema ataona. Mtu akisema ataona, haji.

Jumapili, 21 Machi. Mautuma

Mvua ya kwanza jana usiku. Udongo unanukia mpaka ndani ya nyumba. Nimelima kipande chote cha chini. Mbegu ziko tayari. Nilitaka kupanda Ijumaa hii inayokuja, kwa kamba, mistari inyooke. Afisa anapita Jumamosi, tarehe ishirini na saba.

Nimemweleza Rispa kuhusu kura. Kwamba Ijumaa lazima niwe Kakamega. Akasema bila kupandisha sauti, "Baba Jeni, mimi si mjane. Wakirudisha siku sita, uchague. Kiwanda au hapa. Mimi na watoto hatukai na kivuli."

Ana haki. Nimekasirika kwa sababu ana haki. Mshahara ndio unaonunua mbegu, na shamba ndilo litakalotulisha nikizeeka. Navitaka vyote viwili na sioni aibu.

Jumatano, 24 Machi

Leo nimecheka peke yangu kibandani mpaka machozi.

Wafula alikuja kuchukua msumeno. Akaniuliza kama Ijumaa atakuja na chumvi au kiwanda kitatoa. Nikamwuliza chumvi ya nini. Akaniangalia kama mjinga.

Kumbe ni hivi. Shitanda ametumwa na meneja kuwapitishia habari wote ambao hawakusikia. Na Shitanda, kama nusu ya watu wetu huku, ana ule ulimi wa kugeuza herufi, re inakuwa le na le inakuwa re. Amepita vibanda vyote akitangaza, "Ijumaa ni kula! Kira mtu ana kula yake! Asikose mtu!" Walipomwuliza ni kula nini, akawajibu, kwa haki kabisa, mahindi na maharagwe.

Basi habari imeenea. Kiwanda kina karamu, na kila mtu aje na kula yake. Wachimba dhahabu wanakuja. Ingosi anakuja na nyama, maana fahali wake alikimbia Jumamosi iliyopita pia, mara ya pili mbele ya umati na ngoma za isukuti, na mzee ameapa huyo fahali hatapigana tena bali ataliwa. Kilichowashangaza tu ni kwa nini ni kula ya siri.

Ningeweza kuwasahihisha. Sitawasahihisha. Mimi nilisomea misheni, mwalimu alininyoosha ulimi kwa fimbo, naijua tofauti ya kura na kula. Lakini nikifungua mdomo, hawaji.

Alhamisi, 25 Machi

Lori limeondoka bila mimi. Nimesimama getini mpaka vumbi likatulia.

Rispa atapanda peke yake kesho. Najua atapanda. Sipendi.

Ijumaa, 26 Machi

Lazima niandike kabla sijaondoka, maana kesho nitakuwa nimesahau nusu.

Saa nne uwanja ulijaa. Sijawahi kuona kiwanda kimejaa hivyo hata siku ya mshahara. Wanaume, wake zao, watoto. Wafula na mkungu wa ndizi zake, nyingine mbichi, nyingine zimechemshwa. Ingosi na nyama kwenye karai, uso umenuna kama wa mfiwa. Vijana wa dhahabu wakaja na ingokho, kuku wawili hai, wamefungwa miguu, kwa hiyo mashimo yale yanatoa kitu. Wanawake wa Isukha na obusuma, ugali wetu, ndani ya majani ya mgomba. Bibi mmoja na kumbikumbi waliokaangwa, kikapu kizima.

Bwana Saidi akatoka ofisini na debe lake moja, punje zake kwenye bakuli. Akasimama. Akaangalia vyungu. Akaangalia kuku. Akaniita mimi, kwa kuwa mimi ndimi niliyesoma, niwaeleze.

Nikapanda juu ya gogo. Nilikuwa na hakika na ulimi wangu. Watu wote wale wananitazama, Mautuma yote iko kichwani mwangu. Nikapaaza sauti:

"Jamani! Sikilizeni! Leo si kura! Leo ni kula!"

Wakashangilia. Vigelegele. Nikarudia kwa nguvu zaidi, nikasema kile kile. Fimbo zote za misheni zimepotea bure! Bwana Saidi akafunika uso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Mwisho akaeleza yeye mwenyewe, polepole, akionyesha hindi na haragwe. Watu wakaelewa. Hakuna aliyeondoka, chakula kilikuwa kimeshafika. Tukapanga mstari. Mzee Ingosi alipopewa hindi lake akalitafuna. Akapewa lingine, na onyo.

Debe lilipofunuliwa lilikuwa la njano kwa mahindi. Maharagwe yalikuwepo, machache, huko chini. Siku nne zimebaki. Bwana Saidi akatangaza, kisha akasema hajawahi kujua watu wake hufanya nini Ijumaa, leo ameonja. Akachukua kipande cha nyama ya fahali mwoga. Akasema ni laini. Ingosi akatabasamu mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Tukala.

Kuna jambo moja. Shitanda hakuja na chungu. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, peke yake, na sahani tupu. Watu wote walikuwa na mtu wa kukaa naye. Mke wake alifariki kabla ya uhuru, nilijua hilo, sote tunajua, ila sikuwahi kulifikiria. Siku tatu kambini, ufagio na yeye. Hata mimi ningetaka siku sita.

Nikampelekea obusuma na nyama. Hakusema asante. Akala. Nikamwambia kwamba afisa anakagua shamba langu kesho na lori limeshaenda. Akaingia nyumbani kwake akatoka na baiskeli yake, ile ambayo mtu akiigusa anafokewa.

"Nenda," akasema. "Usiiroweshe na mvua."

Naondoka sasa.

Jumamosi, 27 Machi. Mautuma

Nimefika alfajiri. Miguu si yangu. Baiskeli imelowa, sikuwa na la kufanya.

Nilimkuta Rispa shambani na jirani yetu mmoja mama mzee, wamepanda tangu jana. Kipande chote cha chini. Mistari imepinda. Si kidogo. Inakwenda kama mtu anayetoka kwenye pombe ya busaa. Kamba yangu ilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango, hakuiona au hakuitaka.

Nikamwambia, siku nne. Akaegemea jembe lake. Akafunika macho kwa kiganja. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikacheka hata nikashindwa kumwambia kwa nini.

Afisa alikuja mchana na buti zake. Akatembea, akachimbua kidogo kwa ncha ya buti, akaiona mbegu. Akauliza nani alipanda. Nikasema mke wangu. Akasema vizuri, akapita kwenda kwa wengine. Hapo nikakaa chini kwenye kisiki changu.

Sikusema lolote kuhusu mistari. Sitasema.

Ijumaa, 30 Aprili. Mautuma

Mahindi yamefika gotini. Yamefuata mistari ya Rispa, kila kona. Nimeanza kuizoea.

Shitanda alipanda lori nasi jana. Alisema anakuja kuangalia kama mnyororo wa baiskeli yake uliharibikia njia hii. Hatukumwuliza zaidi. Leo amepalilia tangu asubuhi. Rispa ndiye nyapara wake, anamwonyesha pa kukata na pa kuacha, naye anajibu ndiyo mama. Watoto wanamfuata nyuma wakiokota magugu.

Sikumwuliza alitia hindi au haragwe. Kura ni siri.

Mchana Rispa akaita kutoka mlangoni, "Njooni kula!" Shitanda akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Akanitazama.

"Kula ya sili?" akauliza.

Mvua ilianza tukiwa tunanawa mikono. Akasema basi, leo hapalilii tena. Amelala sasa, kwenye kitanda cha Jeni, na sioni sababu ya kumwamsha.