Gari Nililokuambia Liko Sawa

Dada yangu Hadija,

Nimechoka kuulizwa habari za magari. Leo kabla sijanywa chai amekuja mwalimu mmoja wa Nabuyonga, kasimama mlangoni kwangu hapa Namakwekwe, anasugua mikono. Nikajua tu. Mtu anayetaka kununua gari ana uso wake, kama bwana harusi. "Mzee Koplo, nakuomba ushauri." Ushauri gani, Dada? Mtu huyo amekwisha kulinunua moyoni. Amelipenda kwa rangi yake na redio yake ya kaseti, na mkewe amekwisha kuchagua kiti. Anachotaka kwangu ni baraka. Nikisema bovu, atanuna mwaka mzima. Nikisema zima, kila pancha atakayoipata itakuwa yangu. Nikamwambia akanunue baiskeli.

Siku hizi wananiita Bwana Hapana. Shemeji zako wa Budondo walinionyesha gari la padri mmoja mzee, limetunzwa kama yai, nikawaambia hapana. Watu wanasema ni wivu, eti kwa sababu mwenyewe natembea kwa miguu. Waache waseme. Wewe ndiye ungeniuliza sababu, na wewe hupo. Basi nakuandikia hapa waziwazi, wasome na wao, maana sababu hiyo nimeikalia miaka sita na imenichosha kuliko kazi.

Wewe ndiye uliyeanza kunitangaza, umesahau? Jeshi lilipopunguza watu nilirudi Mbale na begi moja na ufundi wa magari niliojifunza kambini. Sikuwa na kazi, nilikuwa nalala chumba chako cha mbele na kula ugali wako. Ukaanza kuninadi sokoni pamoja na vitunguu vyako. "Mdogo wangu akiweka mkono juu ya boneti, gari linajieleza lenyewe!" Uongo mtupu. Lakini wakaja, mmoja mmoja, na wewe ukikaa juu ya gunia lako unacheka.

Nilikufundisha na wewe. Nilikuambia, ukienda kuangalia gari fika kabla mwenyewe hajaliwasha, kwa sababu likishapata joto linaficha kikohozi. Fungua kifuniko cha oili, na ukiona imekuwa nyeupe kama maziwa, aga uende zako. Chungulia chini, maana gari kuukuu lenye rangi mpya tumboni lina siri. Wewe ukayachukua maneno yangu ukayauza kwa wanawake wenzako kama yako, tena umeyatia chumvi: "Gari ni kama bwana, mwenzangu. Lisikilize asubuhi!" Walicheka mpaka yule muuza nyanya akaangusha mizani. Nakukumbuka hivyo, Dada, na kicheko chako kile cha kujipiga pajani.

Halafu na wewe ukataka gari. Nilikuona ulivyochoka. Kabichi zako kutoka mlimani zilikuwa zinaozea kwenye malori ya watu, lori linaondoka kwenda Jinja siku mwenyewe anapotaka, si siku unayotaka wewe. Ulisema ukipata pikapu yako, binti yako Saida atasoma mpaka achoke mwenyewe. Miaka mingapi ulijinyima? Hata nguo ya Idi ulikuwa unaitia viraka.

Na mimi ndiye niliyekuletea habari kwamba afande wangu wa zamani, aliyekuwa mkubwa wetu kwenye karakana ya kambi, amestaafu, anakaa Jinja, anauza pikapu nyeupe. Ulijua pia kwamba ni yeye aliyeniahidi kazi. Shemeji yake alikuwa na gereji hapa Mbale, na afande angenisemea.

Tulifika asubuhi. Afande akatoka nje na fulana, tumbo limemtangulia, mswaki mdomoni. Mzee tu. Lakini mimi nilibana visigino. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimemjibu mtu huyu neno moja, ndiyo. Jeshini humwambii mkubwa kwamba kitu chake ni kibovu. Kitu chake ni kizima, na kama hakiendi, kosa ni lako.

Nikaingia chini ya gari. Sasa sikiliza, Dada, hili hukuwahi kulisikia kutoka kwangu. Chasisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imekatika nyuma ya kibini, chumba cha dereva. Walikuwa wameichomelea bamba la chuma, wakapaka rangi nyeusi juu yake kuficha. Rangi ilikuwa bado inanuka. Niligusa, kidole kikatoka cheusi. Nikakaa kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Nilikuwa naona miguu tu, kandambili zako na viatu vya afande, vimesimama pamoja.

"Koplo! Gari iko sawa?"

"Iko sawa, afande!"

Nilijibu hata kabla sijatoka. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba aliyejibu ni yule askari, si mimi. Lakini mdomo ni wangu. Nilikuwa naogopa kukosa kazi, ndiyo, na nilikuwa nimezoea. Nikafuta kidole kwenye suruali nikasimama.

Jioni, umekaa unachambua vitunguu, ukaniuliza tena, polepole, "Koplo, kweli liko sawa?" Hapakuwa na afande pale. Palikuwa na mimi na wewe na vitunguu. Nikasema, "Liko sawa, Dada." Ukaniangalia kidogo, ukasema, "Haya." Haya ile nimeisikia kila siku tangu hapo.

Ilichukua miezi minane. Ilikuwa barabara ya Tirinyi, na pikapu imejaa kabichi. Chasisi ikakatika pale pale, gari likajikunja, mzigo ukakisukuma kibini. Dereva alitoka na mikwaruzo. Wewe mguu wako ulivunjika mara mbili.

Hospitali, kila aliyekuja kukujulia hali ulimwambia, "Ni shimo la barabara. Gari lilikuwa zima, mdogo wangu mwenyewe alilikagua." Ulisema hivyo nami nimesimama hapo na chupa ya uji mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, Dada, na guu likavunjika lako.

Mguu haukunyooka. Hukuweza tena kusimama sokoni kutwa, ukaenda Budondo kwa watu wa marehemu mumeo, kulima viazi. Na mimi? Mimi nilipata kazi. Mshahara wa kwanza nilikuletea sukari na kitenge, ukaniombea dua mbele ya watu. Kwa kazi hiyo hiyo nikamsomesha Saida uuguzi, na watu wakanisifu, mjomba gani huyu! Nilikula sifa zile kama mtu anayekula chakula cha mgonjwa. Mwaka jana presha ikakuchukua. Nilibeba jeneza lako mbele, bega la kulia, na bado nilikuwa sijakuambia.

Mwezi uliopita Saida alikuja kutoka Jinja. Siku hizi anafanya kazi kwenye kliniki ya daktari mmoja, amenenepa kidogo, anatembea kama wewe kabla ya mguu. Akaketi, akanywa chai, kisha akasema, "Mjomba, daktari anauza gari lake dogo, anataka kuniuzia mimi. Ndiye anayenilipa, siwezi kumkatalia. Nataka uje, ukiliona bovu useme wewe, mbele yake."

"Mimi sikagui tena magari ya ndugu."

"Kwa sababu ya pikapu ya Mama?"

Nikamwongezea chai.

"Mama alijua, Mjomba."

"Alijua nini?"

"Kwamba ina kasoro. Aliniambia kabla hajafa. Alisema, 'Mjomba wako alijibu kama askari. Hakunijibu kama ndugu. Nikajua kuna kitu.' Nikamuuliza, sasa mbona ulinunua? Akasema, 'Ningekataa, yule mzee angejua nani kanikataza, na kazi ya mdogo wangu ingekufa pale pale. Kwani liko gari kuukuu lisilosumbua?'"

Banange, jamani! Nilishika meza. Mtoto alikuwa ameniletea habari ile kama zawadi, Dada. Alidhani ananipunguzia mzigo. Na ningeweza kuipokea, nikalia kidogo, nikasema Mungu amrehemu, tukamaliza chai. Nimechoka, si ungekuwa usingizi mzuri? Lakini wewe ulijua kuna kitu, hukujua ni kitu gani. Ulidhani ni klachi. Ulidhani ni shokomzoba zimekwisha, au injini inakula oili, mambo ya kukusumbua na kukuudhi. Mimi nilikuwa nimelishika lile bamba kwa mkono wangu. Wewe ulikubali usumbufu ili nipate kazi. Mguu hukukubali. Mguu nilikutolea mimi bila kukuuliza.

Basi nikamwambia Saida yote, bamba, rangi, kidole, na ile jioni ya vitunguu. Akasukuma kikombe pembeni. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Uliona kabla Mama hajalipa?"

"Kabla."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuniaga. Nilisimama mlangoni nikamwona anapanda boda boda pale kona, hakugeuka nyuma, na sikumlaumu.

Wiki ile nilikwenda gereji kama kawaida. Ijumaa dereva mmoja anayetuletea vipuri kutoka Jinja akaniambia, "Yule mpwa wako nesi anasema kesho saa tatu." Hakuna salamu, hakuna kingine. Nikapiga pasi shati langu.

Daktari ni mtu mpole, mwenye miwani, ananiita mzee. Gari lilikuwa uani, limepoa vizuri. Dada, nililitafuta gari lile kosa kama mtu aliyepoteza sindano. Nilifungua oili. Nilitoa plagi zote nne. Nililiendesha mpaka mtoni na kurudi, nikaachia usukani nione kama linavuta upande. Nililala chini nikapitisha vidole kwenye chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, shibri kwa shibri. Wallahi nilikuwa naomba nipate ubovu. Nilitaka nisimame mbele ya yule mkubwa, niseme hapana kwa sauti, Saida anisikie, na jambo hili liishe.

Sikupata kitu. Gari lilikuwa zima.

Nikiwa bado chini, daktari akauliza, "Mzee, iko sawa?"

Hebu fikiria, Dada, mimi chini ya gari, mkubwa amesimama, na damu yako imesimama pembeni yake inangoja neno langu. Nikinyamaza, namnyima mtoto gari zuri kwa bei ya huruma. Nikijibu, ni neno lile lile nililokuvunjia mguu. Nikajifanya kuna bolti sijaiona. Nikaanza tena mwanzo. Daktari akacheka, akasema mzee huyu ni hatari. Nikaanza mara ya tatu, sijui hata nilikuwa nagusa nini.

Ndipo nikaona magoti ya Saida yanashuka. Akachuchumaa, akaweka kiganja chini kwenye vumbi akiwa na gauni lake jeupe la kazi, akaingiza kichwa chini ya gari mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Akanong'ona, daktari asisikie.

"Mjomba, niambie mimi. Usimwambie yeye."

Nikamwambia, "Liko sawa, mwanangu."

Aliniangalia machoni, si kidogo. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akainuka, na nikamsikia anamwambia daktari kwamba analichukua. Mimi nilibaki chini nikalia, mtu mzima na mvi zangu, mpaka walipokwenda ndani kutafuta karatasi.

Ungeinama siku ile, Dada, ukaniuliza hivyo, ningekuambia. Nimekaa na wazo hili wiki nzima, na leo nimelichoka pia, kwa sababu halina haki. Haikuwa kazi yako kuinama. Ilikuwa kazi yangu kutoka.

Pumzika, Dada. Mwanao anaendesha vizuri.

Mdogo wako,
Koplo