Kofia ya Papa

Kampemba, tarehe 9 mwezi wa tano

Yaya Zéphirin, kaka yangu,

Siye tuko bazima. Mvua imekwisha, na muhindi ya nyuma ya nyumba tulishavuna.

Uliniuliza kama ile kofia ya sumaku uliyotuma ilimusaidia Papa na ugonjwa yake ya kusahau. Ilisaidia, lakini kwa namna yake. Siku tulimuvalisha, aliwaza ni casque yake ya zamani ya kuchimba mu mine. Mutu mwenye hakumujua Mama tena tangu mwaka jana, alisimama akasema: "Albertine, nipatie gamelle yangu ya chakula, saa ya kazi imefika."

Mama alilia. Toka pale akawa anamuvalisha kila saa, hata kama hakuna courant ya umeme, juu ya kusikia tu Papa anaita jina yake. Nilimukumbusha kama ulisema nusu saa kwa siku. Hakunisikia.

Ku téléphone nilikuambia Papa alikufa na moyo. Nilikudanganya. Ile siku ya Mardi alipotea, Mama alimufungia chakula ya bukari mu gamelle, akamufungulia mulango ya lupango ya nyumba, akamuaga. Papa alienda kazi. Tulimupata kisha siku tatu, pembeni ya njia ya treni, kofia iko kichwani. Bukari alikuwa amemaliza yote.

Nilimufokea Mama mbele ya bantu ba kilio. Akanijibu polepole: "Aliniita jina yangu, Séraphine. Ningemukatalia namna gani?"

Usiniombe nikurudishie ile mashine. Mama analala nayo.

Mudogo wako,
Séraphine