Konzi ya Tano

Alhamisi, 10 Aprili

Kaka Nirmal amepiga simu kutoka Dhaka. Wanakuja Jumapili kula mwaka mpya nasi — yeye, wifi Shipra na mtoto wao Tuli. Nilifurahi dakika moja. Ya pili akaiharibu.

Ati amezungumza na daktari. Ati Mama hawezi kuendelea kukaa huku Jhalokathi "na wewe peke yako". Peke yangu! Kana kwamba mimi ni paka wa jikoni. Nikamwambia Mama ni mzima, anasahausahau tu kama wazee wote. Ndipo akatoa shauri lake. Atamtazama Mama akiweka chungu. Akikiweka mwenyewe, bila kukumbushwa, bila kukosea, basi habari ya kuhama imekufa. Akishindwa, Jumanne jioni anapanda meli pamoja nao. Kwenda kukaa ghorofa ya sita.

Nimekubali. Chungu hakinitishi. Mama anakiweka tangu alipoolewa, miaka hamsini na miwili sasa. Jioni ya kuamkia mwaka: maji safi, mchele mbichi, konzi moja kwa kila mtu wa nyumba na jina lake linatajwa, kisha kitawi cha mwembe juu. Asubuhi anaturushia maji yale kwa majani, tunakula mchele uliolainika. Mikono yake inakijua chungu kile hata akili ikienda matembezini.

Ijumaa, 11 Aprili

Hapa naandika kweli, maana hapana wa kusoma.

Leo Mama ameacha gesi wazi. Mara ya tatu mwezi huu. Kwenye chai ametia chumvi, akainywa yote, akaisifu. Jirani alipoingia kutusalimu, akamwita kwa jina la marehemu bibi yetu. Jirani mstaarabu — akaitika!

Hayo sitamwambia kaka. Nilimpa Mama neno langu mwaka juzi, akili yake ikiwa bado kali. Alinishika mkono akasema, "Khuku, humu ndani nilikuja kwa miguu yangu. Nisitoke ila nimebebwa." Khuku ni mimi. Nina miaka arobaini na minne, mvi tele, na bado ni kijitoto chake.

Kila kitu kinamponyoka, lakini mimi hajanisahau. Hilo ndilo naliegemea.

Tena amekuwa mpole siku hizi! Nikimpa maji anasema asante. Nikimchana nywele, "Asante, binti." Mama yangu, ambaye maisha yake yote hajapata kunishukuru hata kwa kumbeba mgongoni wakati wa mafuriko. Nimefurahi, sisemi uongo.

Jumapili, 13 Aprili

Wamefika. Kaka ameota kitambi. Tuli ana miaka tisa na maswali ya watu tisa.

Kaka hakuvua hata viatu, akaanza. Mama, leo siku gani? Mama akamtazama kutoka juu hadi chini. "Siku ambayo mwanangu amekuja kunihoji kama polisi." Tukacheka mpaka Tuli akapaliwa. Nilitaka kumbusu Mama mbele za watu!

Baadaye wifi alinifuata jikoni. Nilijiandaa kwa vita, sikuipata. Alichukua kisu akanisaidia kumenya viazi. Akasema polepole, "Wifi, umekonda. Mama unamtunza wewe. Wewe unatunzwa na nani?" Nikamwambia amenye viazi.

Mtu akija na matusi najua pa kumshika. Huyu amekuja na huruma, nikakosa pa kushika.

Jumatatu, 14 Aprili — asubuhi

Mama leo ni wembe.

Televisheni inaonyesha Dhaka yote barabarani, sari nyeupe zenye pindo jekundu, vinyago vikubwa, ngoma. Tuli akaruka. "Bibi! Mwaka mpya ni leo! Mbona hujavaa?"

Mama hakugeuza hata shingo. "Huo ni mwaka wa serikali. Wetu ni wa almanaki ya dini, unaingia kesho. Leo tunamaliza wa zamani, tunakula machungu."

"Bibi, sasa upi wa kweli?"

"Ule ambao chungu kimewekwa."

Kaka alinitazama, mdomo wazi. Siku ile ile ambayo yeye mwenyewe aliikosea! Alikuwa ameshaanza kutupa salamu za mwaka mpya tangu kitandani. Nikapika majani ya mwarobaini, nikamjazia sahani yake mpaka pomoni. Ale.

Jumatatu, jioni

Sijui niandikeje.

Jua lilipokuwa linashuka Mama aliinuka mwenyewe. Hakukumbushwa na mtu. Akaoga, akavaa sari safi, akaenda jikoni. Wanaume hawaingii wakati huo, kwa hiyo kaka alisimama barazani akiuona mgongo wa Mama tu. Mimi nilikuwa karibu na Mama, nimeshika ungo wa mchele.

Maji — sawasawa. Mchele aliuosha mara tatu, kama siku zote. Halafu konzi. Mama hutaja majina kwa kunong'ona.

"Mimi, mwenye chungu." Konzi moja. "Nirmal." Ya pili. "Mkwe wangu Shipra." Ya tatu. "Tuli." Ya nne.

Akakung'uta mkono. Akachukua kitawi cha mwembe akakiweka juu.

Nilingoja. Nikadhani anavuta pumzi. Akanigeukia, akatabasamu, tabasamu zuri la kumpa mtu baki. "Asante, binti. Wewe una mikono mizuri. Kwenu ni wapi?"

Ndipo zile asante zote ziliponirudia. Moja moja.

Akaenda kunawa. Kaka akauliza kutoka barazani, ametia ngapi? Nikajibu, tano. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, nimejishangaa. "Zote?" Zote, kaka. Akapiga makofi, akamwita mkewe, akasema Mama anatushinda sote kwa akili, yeye amekuwa mjinga, nimsamehe. Alikuwa na machozi, Nirmal huyu!

Nami nikarudi jikoni nikachovya mkono kwenye ungo. Nikatia konzi ya tano. Nikalitaja jina langu mwenyewe, Kakoli, kama mtu anayejiandikisha shule. Si ruhusa, konzi hutiwa na mwenye chungu peke yake. Lakini mwaka uingie nyumba hii mimi simo? Kwetu!

Naumwa. Si kichwa wala tumbo.

Jumanne, 15 Aprili — saa tatu asubuhi

Nimejifungia jikoni. Wanadhani nakaanga samaki. Samaki bado hata magamba hajatolewa.

Nieleze kwa utaratibu.

Tuliamka mapema. Mama alikuwa tayari ameketi na chungu chake, anang'aa kama bibi harusi. Leo hapana kugombana, hapana kulia. Ulivyoishinda siku ya kwanza ndivyo utakavyoushinda mwaka. Hata kaka alikuwa anakanyaga taratibu.

Akachovya majani, akaturushia maji. "Nirmal, upoe." "Shipra, upoe." "Tuli, upoe." Tuli akapiga kelele. Kaka akawa anafuta miwani huku anacheka. Zamu yangu Mama alirusha maji vizuri tu, mengi kuliko ya wenzangu, bila jina. Nadhani hakuna aliyeona. Nikasema moyoni, imepita. Nimeshinda. Mama habanduki hapa.

Kisha akapakua. Hupakua konzi kwa konzi, kama alivyotia. Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akachungulia chunguni. Akaingiza mkono. Akakunja uso.

"Kuna mchele umebaki."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nilitia konzi nne. Nakumbuka vizuri. Nani ametia mkono wake kwenye chungu changu?"

Loo, Mama! Siku zote usahau, hilo moja tu ulikumbuke!

Kaka alisema, akicheka bado, "Tano, Mama. Ya tano ya Khuku."

Mama akamtazama kwa mshangao. Halafu akaniona mimi nimesimama karibu na mlango, na uso wake ukalainika. Akachota ule mchele uliobaki akautia kwenye bakuli, akaongeza na sukari, jambo ambalo wengine hakuwafanyia. "Basi ni riziki ya mgeni. Njoo, binti, upokee. Siku kama ya leo mtu hali njaa nyumbani kwangu."

Kaka akaweka sahani yake chini. Wifi alimshika Tuli mkono akamtoa nje.

Nikapokea bakuli kwa mikono miwili, nikasema asante, Mama. Nikaingia huku nikafunga mlango.

Sasa kaka yupo nje ya mlango. Ameuliza mara tatu, kwa sauti ya chini: "Kakoli. Tangu lini hakujui?" Hajaniita kwa jina hilo tangu tukiwa wadogo, isipokuwa siku Baba alipofariki. Meli inaondoka jioni. Nikisema jana, haitakuwa kweli. Nikisema sijui, hiyo ndiyo kweli, na ni mbaya zaidi.

Anagonga tena. Namsikia Mama nyuma yake, mkali kabisa, kama zamani:

"Nirmal! Mwache mtoto wa watu ale kwanza!"

Silii. Leo hapana kulia. Mchele umelainika vizuri, na sukari imekolea. Natafuna polepole, maana nikimaliza itabidi nifungue.