Maharage Yameungua, Mkayasifia

Baba Therese na Therese,

Nimekwenda hospitali Kibondo. Therese, ile mihogo iliyolowekwa kwenye pipa uinuse wewe. Ikianza kunuka uchachu, itoe uianike. Tangu yale mafua, pua yangu haisikii harufu yoyote, na ulimi nao umelala.

~~Leo pikeni wenyewe, mimi jiko nimeacha.~~

Asubuhi mmekula maharage mkasema matamu. Deborah wa jirani kaja kuomba moto, hata hodi hajamaliza: "Jamani, nani kaunguza?" Ndipo nikajua. Baba Therese, wewe uliyesusa sahani ya mama yako kwa sababu ya chumvi kidogo tu, sijasahau, leo umekula makaa na ukaomba kuongezwa! Najua ni mapenzi. Lakini ukweli nanyimwa na viongozi wa kijiji kila mkutano, na nyumbani kwangu tena?

Jioni napika mimi. Wewe mume wangu utakaa jikoni, uonje, useme. Nimebishana na wenyeviti watatu mbele ya watu; sitakufa kwa kuambiwa chumvi imezidi.

Mama Therese, mpishi wenu bado