Maziwa Hayakufunga Njia

Yeoville, Johannesburg
18 Juni 2017

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Clémentine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Kadogo Elisée anaendeleaje? Nasikia ameota meno mawili na anakuuma bila huruma akinyonya. Pole sana, wewe si ndiye uliyesema watoto wa kiume ni wapole. Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Lambert wangu akirudi asubuhi kutoka lindoni kule Turffontein, vidole vyake haviwezi kufungua vifungo vya koti, inabidi nimfungulie mimi.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Yaya, simu yako unaiweka sauti kubwa, Mama anakaa pembeni, na jirani yenu anajibu kabla yako. Haya sitaki Mama ayasikie. Salum, dereva wa lori anayeshusha mizigo Lubumbashi, ameahidi kukupa mkononi. Kaa peke yako, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka Chloé alipozaliwa Agosti iliyopita, walinipasua kwa mara ya pili. Sikukueleza yote. Daktari alikuta mshono wa zamani, ule wa kumzaa Steve, umekuwa mwembamba na ulikuwa karibu kuachia. Alituambia nisishike mimba nyingine kabla ya miaka miwili, na alilisema taratibu, kwa Kiingereza tunachokielewa sote.

Kwetu jambo hilo lisingehitaji maneno. Wewe ulipojifungua wa kwanza, Mama alihamia kitandani kwako, shemeji akatandikiwa sebuleni mpaka mtoto akatembea, na hakuna aliyeuliza. Huku tuna nusu ya chumba na pazia, na nyuma ya pazia inalala familia nyingine. Nani angehamia kitandani kwangu? Lambert angelala wapi, barabarani? Na mimi si jiwe, Yaya, wala yeye si jiwe.

Nikaenda kliniki. Wauguzi wa huku tunawaita sista, na sista aliyenipokea hakuwa mbaya, ingawa alichoka na Kiingereza changu. Alinionyesha kijiti kinachowekwa mkononi, sindano, kitanzi, na vidonge vya mama anayenyonyesha. Alisema hivyo vyote havitakausha maziwa yangu. Alisema pia kunyonyesha kwenyewe kunaweza kuzuia mimba, ila mtoto awe hajafika miezi sita, anyonye mchana na usiku bila chupa wala uji, na damu yangu iwe haijarudi. Kimoja kati ya hayo kikiharibika, nirudi haraka. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Lambert alisema mwili ni wangu, nitakachochagua atakikubali, kwa hiyo naomba usimlaumu.

Nilikupigia wewe. Uliniambia dawa za hospitali zitanikausha, mtoto atabaki analamba ngozi. Ukanikumbusha kwamba sisi sote tuliachana miaka mitatu mitatu kwa sababu Mama alinyonyesha tu, na maziwa yanafunga njia. Yaya, siandiki ili nikuhukumu. Ulisema kile nilichotaka kusikia. Huku naomba kazi kwa lugha ya watu, naumwa kwa lugha ya watu, Steve wangu nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu. Nilitaka kitu kimoja cha kwetu kibaki kinafanya kazi, hata kama ni ndani ya mwili wangu tu.

Na mwanzoni kilifanya kazi. Chloé alikuwa hanitoki kifuani, nikisonga unga wa bukari yuko hapo, nikifua yuko hapo. Halafu Denise, mwenye saluni ninakosuka nywele, akanitumia ujumbe kwamba kiti changu kina mtu anakitaka. Sikuwa na la kufanya. Chloé akiwa na miezi minne nikampeleka kwa mama mmoja Mmalawi anayelea watoto nyuma ya soko, pamoja na chupa.

Saluni nilikuwa nasuka huku kifua kinawaka. Blauzi ikilowa naingia nyuma, nakamua kwenye beseni tunalooshea nywele za wateja, kisha nafungua bomba. Maziwa yaliyotakiwa kunilinda yalikuwa yanaondoka na povu la shampuu. Maneno ya sista niliyakumbuka, siwezi kusema sikuyakumbuka. Lakini kliniki ni kupanga foleni tangu alfajiri, na Denise hataki kusikia habari za foleni. Nikajiambia Chloé ananyonya sana usiku, na damu haijarudi, basi njia bado imefungwa. Mama alifaulu hivyo. Ila Mama hakumwacha mtoto kwa mtu hata siku moja, hilo sikulifikiria mpaka nilipokuwa nimechelewa.

Nina mimba, Yaya. Damu haikurudi hata mara moja tangu Chloé, kwa hiyo sikuwa na cha kukosa. Nilidhani ni gesi, mpaka siku moja nikiwa nasuka kichwa cha mteja kitu kikanipiga teke. Hospitali wanasema ni mwezi wa tano. Daktari alisoma karatasi zangu, akaniuliza, wala si kwa ukali, kama hakuna aliyewahi kunieleza. Nikamjibu nilielezwa. Watanipasua Oktoba, kabla uchungu haujaanza, kama mshono utavumilia mpaka hapo. Nilimtazama nikingoja aseme utavumilia. Akaniandikia tarehe ya kurudi.

Sasa Lambert analala kwenye kiti. Hakuna aliyemwambia, alianza tu mwenyewe siku tuliyotoka hospitali. Namtazama shingo imepinda, nacheka, halafu nalia. Naogopa, Yaya. Naogopa kuinama, naogopa kumbeba Steve, naogopa hata kukohoa.

Niliogopa dawa itanikausha maziwa, na mimba ndiyo imenikausha. Chloé ananyonya, anaachia, ananitazama kama mtu aliyeibiwa. Mikono yake imekonda. Watanzania pale saluni wana neno lao, wanasema nimembemenda mtoto, yaani nimemdhoofisha kwa kushika mimba angali ananyonya, na wanalisema nikiwa nimekaa hapo hapo.

Kwa hiyo fanya kama kwetu, mtoto aliyewahiwa na mdogo wake anapelekwa kwa shangazi au kwa mama mkubwa aachishwe ziwa huko. Mama Agnès wa kanisani kwetu anapanda basi la Lubumbashi wiki ijayo, na atakuja na Chloé. Karatasi za safari Lambert amezipata. Mama mwambie nimezidiwa na kazi, ataamini. Wewe bado una maziwa. Moyo ukikuruhusu, mpe upande mmoja, mwingine mwachie Elisée. Na wewe mwenyewe, ukishaanza kumpa Elisée uji, usingojee maziwa yafunge chochote. Nenda hospitali hapo Katuba ukachague dawa. Wakikwambia itakukausha, waambie una mdogo wako Johannesburg.

Siwezi kukuahidi kwamba nitakuja kumchukua baada ya Oktoba. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo mara kadhaa na mkono umekataa. Steve atabaki na baba yake.

Chloé hapendi kufunikwa miguu. Akisinzia hushika sikio la mtu, la kushoto, analivuta kwa nguvu. Linauma, lakini mwache alishike, usimtoe mkono.

Nisalimie shemeji, umbusu Mama kwenye mashavu yote mawili bila kumwambia busu limetoka kwa nani. Kaa salama, Yaya wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Murielle